Jinsi ya kudizaini plaza ya watu yenye asili ya China ya kale, bila kuigeuza seti ya filamu

Mtu akipewa kazi ya kuchora plaza, yaani uwanja wa wazi wa watu kukaa, ya mtindo wa China ya kale, kitu cha kwanza anachofungua ni picha za Mji Uliokatazwa wa Beijing, lile jumba la wafalme, na hapo ndo mambo yanapoanza kwenda kombo. Ule uwanja mkubwa mbele ya Ukumbi wa Taihe una karibu mita za mraba 30,000, hauna mti hata mmoja wala pa kukaa, na haukuwahi kuwa wa wananchi, ulikuwa wa mfalme na maofisa wake wakijipanga mistari kumsujudia. Ulichorwa makusudi ili binadamu ajione si kitu. Sasa we mteja wako anataka bibi na wajukuu wapumzike pale saa nane mchana, ukikopi ule uwanja utawaweka wapi?

Na usiniletee Tiananmen, ule uwanja mkubwa wa katikati ya Beijing, kwa sababu hiyo kama plaza wala si ya kale. Enzi za Ming na Qing, koo mbili za mwisho za wafalme, pale palikuwa na eneo la kuta lenye umbo la herufi T, raia wa kawaida hakuwa anajipitia tu. Ukubwa huu wa leo, kama mita 880 kwa 500 hivi, ulikuja na upanuzi wa 1958 na 1959.

Ukweli ni kwamba China ya kale haikuwa na plaza kama tunavyoielewa sasa hivi. Chang'an enzi za Tang ulikuwa mji wa mitaa zaidi ya mia moja, kila mtaa na ukuta wake, jioni ngoma zikilia mageti yanafungwa na huonekani barabarani mpaka asubuhi, biashara ni kwenye masoko mawili tu, la mashariki na la magharibi. Baadaye, enzi za Song, mji mkuu ukiwa Kaifeng, utaratibu ule ukavunjika, maduka yakafungua milango barabarani na masoko ya usiku yakashamiri. Kuna mchoro mrefu wa Zhang Zeduan wa karne ya 12, una urefu wa zaidi ya mita tano, utafute uukuze pale kwenye daraja la upinde: boti inakaribia daraja na mlingoti ndo kwanza unalazwa, watu wamejazana kwenye kingo wanapiga kelele na kunyoosha mikono, na juu ya daraja lenyewe wachuuzi wamebanana na vibanda vyao mpaka njia imekuwa nyembamba. Hapo ndo palikuwa na uhai. Uhai ulikuwa kwenye madaraja, kwenye nyua za mahekalu siku za gulio, kwenye mitaa ya soko.

Kwaiyo msimamo wangu ni huu: mpangilio azima kwa mfalme, lakini maisha kachukue sokoni na bustanini. Yanayofuata yote yanatoka hapo.

Kabla ya penseli: chagua enzi

"China ya kale" ni miaka maelfu, huwezi kuichora yote. Enzi ninazozitaja hapa, kwa mpangilio wa wakati, ni Qin, Han, Tang, Song, Ming, Qing. Ukichagua Han unapata minara mizito ya mawe pande mbili za lango, mistari iliyonyooka, mapambo machache. Tang ni mapaa makubwa yenye mteremko wa taratibu na yale mabano manene ya mbao yanayobeba paa, wenyewe wanayaita dougong, na ukitaka kuona kitu halisi angalia Ukumbi wa Mashariki wa hekalu la Foguang huko mlima Wutai, ulijengwa mwaka 857 na bado umesimama. Song vitu vinakuwa vyembamba na vya upole. Ming na Qing ndo ile China ya kadi za posta, rangi nyingi, vigae vya njano, michoro kila boriti. Mi binafsi kwa plaza ya watu napenda Song au bustani za kale za mji wa Suzhou, lakini chochote utakachochagua baki nacho. Unakuta mtu ameweka mnara wa Han, paa la Qing, na simba wa mawe kwenye plaza anayosema ni ya enzi ya Qin, wakati simba walifika China kutoka magharibi enzi za Han, baada ya Qin.

Vigae vya njano navyo viangalie. Ilikuwa rangi ya mfalme, raia hakuruhusiwa. Kwa eneo la umma kigae cha kijivu kinakaa vizuri zaidi, hakichoshi macho na pia ndo kilichokuwa juu ya nyumba za watu wa kawaida.

Mstari wa katikati, na jinsi ya kuuvunja

Beijing ya zamani imepangwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini kwenda kusini wenye urefu wa kilomita 7.8, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Hicho ndo kitu cha kuazima kwa mfalme: mstari mmoja unaosomeka, mambo makubwa yako juu yake, madogo yamejipanga kushoto na kulia kwa uwiano. Chora huo mstari kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Alafu uvunje. Ukimwachia mtu njia iliyonyooka kutoka getini mpaka mwisho, atapita kama anawahi basi, hatakaa. Nyumba za kale za Beijing ukiingia getini unakutana uso kwa uso na ukuta wa kukinga, unalazimika kukata kona ndo uone ua. Bustani ya Liuyuan kule Suzhou inafanya hivohivo kwa ukali zaidi: unaingia kwenye korido nyembamba yenye giza, inakata kona, inapanuka kidogo, inabana tena, unaanza kujiuliza kama umepotea njia, alafu ghafla bwawa na anga vinafunguka mbele yako. Plaza yako haihitaji kuwa kubwa ili ionekane kubwa, inahitaji mlango unaobana kwanza. Ukuta wenye tundu la duara, kama yale mageti ya mwezi ila limeinuliwa kama dirisha, unatosha kabisa, jicho linapita katikati lakini miguu inazunguka pembeni.

Kuhusu vipimo, wajenzi wa kale walikuwa na kanuni kwamba umbo la kitu lisomwe ndani ya chi (futi ya Kichina) 100, ambazo ni kama mita 30 na kidogo, na mandhari nzima isomwe kwa chi 1,000. Hiyo mita 30 inafaa mno leo, kwa sababu ukivuka hapo huoni tena sura ya mtu vizuri. Kwaiyo kama una eneo la mita 120 usilifanye uwanja mmoja, likate nyua tatu nne za saizi ya mita 25 mpaka 35, kila moja na tabia yake, moja ya kelele, moja ya kivuli, moja ya maji.

Mwelekeo sasa. Kila kitabu kitakwambia mlango utazame kusini na mlima uwe mgongoni. Sababu ni kwamba China iko kaskazini mwa ikweta, jua la baridi linatoka upande wa kusini na upepo mkali wa baridi unatoka kaskazini. Kama saiti yako iko kusini mwa ikweta jua linapita upande wa pili, ukikopi mwelekeo bila kukopi sababu umejifungia kivulini. Pima jua na upepo wa pale pale kwanza, mlima mgongoni utaupeleka unakotoka upepo mbaya. Na mlima huo usiagize udongo, hata wafalme hawakuagiza: kilima cha Jingshan nyuma ya Mji Uliokatazwa, mita 45 na ushee, kimetokana na udongo uliochimbwa kwenye mtaro mkubwa wa maji unaozunguka jumba. Udongo utakaouchimba kwenye saiti unakuwa kilima cha kukinga upepo, gharama ya malori ya kubeba taka inakatika hapohapo.

Sakafu ndo plaza yenyewe

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanatumia hela yote kwenye geti na paa, sakafu wanamwaga zege tu.

Mfano wa kwanza wa kujifunza ni madhabahu ya duara kwenye Hekalu la Mbinguni Beijing, ilijengwa 1530 na kupanuliwa 1749. Juu kabisa katikati kuna jiwe moja la duara, linazungukwa na mawe 9, mzunguko unaofuata 18, kisha 27, hivyohivyo mpaka mzunguko wa tisa wenye mawe 81. Namba tisa ilikuwa ya mbinguni na ya mfalme. Lile duara liko ndani ya uzio wa mraba, kwa sababu waliamini mbingu ni duara na dunia ni mraba. Ukitumia wazo hili tumia kwa ua mmoja tu, na uhesabu kweli, maana fundi akikosea mawe kwenye mzunguko wa tano kitu kizima kinakuwa mapambo yasiyo na maana. Mwambie akate kila mzunguko kwa kiolezo chake na apange vyote chini bila saruji kabla ya kulaza.

Mfano wa pili ni madhabahu ya ardhi na nafaka, iko hapohapo Beijing ndani ya bustani ya Zhongshan. Juu yake imewekwa udongo wa rangi tano: kijani upande wa mashariki, nyekundu kusini, nyeupe magharibi, nyeusi kaskazini, njano katikati. Hii ni dizaini tayari imekamilika jamani! Chukua mawe ya rangi hizo tano uyatandaze kwa pande zake, mtu akisimama katikati anajua kaskazini ni wapi bila simu, na kila upande unaweza kuupa mnyama wake, joka la kijani mashariki, ndege mwekundu kusini, chui mweupe, sorry, tiger mweupe magharibi, kobe na nyoka kaskazini, wachongwe bapa kwenye jiwe na si kusimamishwa kama masanamu.

Tatu ni sakafu za Suzhou, za kokoto, vigae vilivyovunjika na vipande vya bakuli, zinapangwa kwa ukingo zikiwa zimesimama mpaka zinatoa maua, korongo, au ule mchoro wa barafu iliyopasuka. Ni nzuri sana na malighafi yake ni taka za ujenzi, lakini kwa mtu wa wilichea au mwenye fimbo ni adhabu. Ziweke pembeni na katikati ya miti, acha njia laini ya upana wa mita 1.8 inayofika kila kona. Vizingiti virefu vya milango ya kale navyo usivilete, weka rampu.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye michoro ya kale ila nisingeacha. Kwenye bustani za Beijing wazee wanakuja asubuhi na brashi kubwa ya sponji kwenye fimbo ndefu na ndoo ya maji, wanaandika mashairi kwenye sakafu kwa maji matupu, na siku ya jua kali herufi za mwanzo zinakuwa zimeshakauka kabla hajamaliza mstari wa pili. Wachangie hao sakafu: mawe ya kijivu ya sentimita 60 kwa 60, yamelala sawa, bila nakshi, karibu na bomba la maji. Gharama yake ya ziada ni karibu sifuri na ni utamaduni kuliko joka lolote la plastiki.

Jiwe lenyewe liwe graniti iliyochomwa juu ili iwe na ukwaruzo, iliyong'arishwa ikilowa ni hospitali. Mteremko wa asilimia moja mpaka mbili kuelekea mifereji. Na vifuniko vya mifereji usinunue vile vya kawaida, ndani ya Mji Uliokatazwa midomo ya mifereji imetobolewa kwa umbo la sarafu ya zamani, duara lenye tundu la mraba katikati, mchonga chuma yeyote atakutolea hiyo na watu wataipiga picha. Kabla ya kuagiza mawe yote jenga kipande cha mita tatu kwa tatu, mwagia maji ndoo nzima, uangalie yanakwenda wapi.

Maji

Bwawa kubwa lenye chemchemi zinazocheza na muziki ni rahisi kuuza kwa mteja, ila pampu ikifa linabaki shimo la kijani. Mi ningeenda na kitu kidogo. Mwaka 353 kule Lanting, Shaoxing, Wang Xizhi, bingwa wa kuandika kwa brashi, na rafiki zake walikaa kando ya kijito kinachopindapinda, vikombe vya pombe vinaelea juu ya maji, kikombe kikisimama mbele yako unatunga shairi, ukishindwa unakunywa. Baadaye wakawa wanachonga kijito hicho ndani ya sakafu ya jiwe, kipo kimoja kwenye banda ndani ya bustani ya mfalme Qianlong pale Mji Uliokatazwa. Mfereji wa namna hiyo, kina cha sentimita 10, upana wa kiganja au viwili, unaopinda kama nyoka katikati ya viti vya mawe, unatumia maji kidogo, hatari ya mtoto kuzama ni ndogo kuliko kwenye bwawa, na watarusha boti za karatasi bila kuambiwa. Hakikisha tu mteremko wake ni mdogo mno, maji yakikimbia mchezo umeisha.

Geti, simba, na vitu vinavyotia aibu

Geti la nguzo za mbao au jiwe lenye vipaa juu linaitwa paifang au pailou. Lile jekundu la nguzo mbili na boriti mbili juu bila paa ni la Japani, na mchanga uliokwanguliwa mistari ni wa Japani pia, kwaiyo ukiona kwenye mchoro wako futa.

Simba wanakaa wawili wawili. Simama mlangoni ukiangalia nje: dume mwenye mpira chini ya mguu anakuwa kushoto kwako, jike mwenye mtoto chini ya mguu kulia. Kubadilisha ni kosa ambalo kila Mchina atakayepita ataliona.

Lililo baya zaidi, na nimeliona kwenye michoro mingi tu, ni kupanga masanamu ya wanyama na maofisa wa mawe jozi jozi pande mbili za njia kuu. Inaonekana ya kifahari kweli, ila hiyo ndo njia ya kwenda makaburini, makaburi ya wafalme wa Ming nje ya Beijing yanaingiwa hivyohivyo. Wale askari wa udongo wa Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China, waliogunduliwa 1974 nao walitengenezwa wazikwe na mfalme, sasa unawaweka pembeni ya bembea za watoto wa nini? Nyeupe tupu ni rangi ya msiba, na namba nne watu wanaikwepa kwa sababu inahusishwa na kifo, kwaiyo nguzo nne nyeupe katikati ya plaza ni hapana kubwa.

Maandishi usichukue fonti ya kompyuta. Mtafute mtu anayeandika kwa brashi, na kibao cha juu ya geti kwa mtindo wa kale kinasomwa kulia kwenda kushoto. Kabla jiwe halijakatwa mpe stensili mtu mwingine anayejua Kichina aisome, si yuleyule aliyeiandika.

Katikati uweke nini basi

Kama si sanamu, weka kivuli. Nguzo moja iliyonyooka wima, na kutoka mguuni mwake mstari wa jiwe wa kaskazini-kusini. Wachina waliugawa mwaka vipindi 24 kwa kufuata jua, utaratibu ambao UNESCO iliutambua 2016, na wanaastronomia wao walipima kivuli cha saa sita kwa nguzo, Guo Shoujing alijenga kituo kikubwa cha kazi hiyo kule Dengfeng karne ya 13. Weka alama 13 kwenye mstari, maana kivuli kinakwenda na kurudi na vipindi vingi vinashiriki alama moja viwili viwili, jina la kila kipindi limechongwa, na mtu akija saa sita ya jua anaona mwaka umefika wapi. Alama hizo zinahesabiwa kwa latitudo ya saiti yako, usikopi za Beijing, na kwenye tropiki kivuli kinaangukia pande zote mbili za nguzo kutegemea msimu kwaiyo mstari uurefushe pande zote. Na ile saa sita ni ya jua, si ya simu.

Kivuli, viti, miti, usiku

Korido ya paa pembeni ya ua inatatua jua na mvua kwa pamoja. Ile ndefu ya Jumba la Majira ya Joto Beijing ina mita 728 na maelfu ya michoro kwenye boriti, yako mita 40 inatosha, na katikati ya nguzo weka vile viti vyenye egemeo lililopinda kuelekea nje. Meza za mawe zichongwe ubao wa weiqi, ule mchezo unaoitwa pia Go, wa mistari 19 kwa 19, na nyingine ubao wa chesi ya Kichina wenye mto katikati. Meza bila kivuli haitumiki, nimalizie hapo.

Miti si lazima iwe ya China. Angalia umbo: mmoja uliopinda wenye gome la kizee mbele ya ukuta mweupe una thamani kuliko safu ya minazi ishirini. Msonobari, mwanzi na plamu ndo watatu wanaovumilia baridi kwenye michoro yao, ukipanda mwanzi unaotambaa zungushia kizuizi cha mizizi chini ya ardhi, la sivyo baada ya muda utakuwa unang'oa sakafu yako mwenyewe.

Usiku taa ziwe za joto, 2700 mpaka 3000 kelvini, ziko chini zinamulika ukuta na miti, usizungushie paa mistari ya LED nyekundu, tafadhali. Na acha ua mmoja mtupu, sakafu sawa, soketi za umeme zenye kifuniko, kwa ajili ya wanaocheza dansi jioni. China yenyewe ugomvi wa kelele za dansi hizo na majirani ni wa kila siku, kwaiyo ua huo uuweke mbali na madirisha ya watu, na kile kilima cha udongo uliochimbwa kikae katikati yao na nyumba kama upepo unaruhusu.